Mama Kanusa

Jumatatu, 4 Machi

Leo kaja dukani kwetu mtu na kizibao cha kijani na begi la magurudumu. Muuza mafuta ya kunukia, mpya. Nimeshambatiza: Bwana Medali. Kila chupa yake ina medali ya dhahabu — ya kuchorwa! SAFI ASILIMIA MIA. DARAJA LA TIBA. IMETHIBITISHWA. Imethibitishwa na nani? Nimeizungusha chupa mpaka nikaona kizunguzungu. Jina la kitaalamu la mmea, hakuna. Nchi ulikotoka, hakuna. Namba ya toleo, hakuna. Chupa yenyewe ni ya kioo cheupe, mwanga unaingia na kutoka utakavyo, wakati kila mtu anajua mafuta ya kunukia yanataka chupa nyeusinyeusi. Na waridi anauza bei moja na mchaichai. Waridi! Maua gunia zima yanakupa matone mawili matatu, yeye anayauza kama maji ya bomba.

Nikamuuliza hilo daraja la tiba linatolewa na ofisi gani. Akacheka, eti napenda utani. Ofisi hiyo haipo, bwana. Anayeuza ndiye anayejipa daraja.

Nikamwachia Mama, maana nilijua atammaliza. Mama siku zote huifunika lebo kwa kiganja, akafumba macho, akanusa kijikaratasi kilichodondoshewa tone, akakipunga hewani, akanusa tena. Muuzaji akianza kumwonyesha maandishi anamkata: "Sikuomba kusoma." Nimekua nikilisikia neno hilo.

Leo hakufunika. Aliishika chupa mbali kidogo na uso, akasoma. Midomo inacheza kabisa! Akanusa mara moja, juujuu. "Lavenda nzuri hii. Tuachie katoni."

Nikanusa na mimi. Sabuni ya chooni. Mama, sabuni ya chooni!

Jumanne, 5 Machi

Jana nilidondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe nikaiacha dirishani. Leo asubuhi — doa. Kubwa, linang'aa, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Yapo mafuta mazito ya miti yanayoacha alama, sawa, lakini si lavenda. Lavenda hupaa yote, karatasi ikabaki kavu. Hii imechanganywa na mafuta ya kupikia. Na harufu yake ni ileile ya jana, haijasogea. Harufu ya kweli huanza kali, ikalegea, mwishoni ikawa kama majani makavu. Hii imesimama palepale inapiga kelele.

Nikampelekea Mama karatasi. Hakuishika. Karatasi mbovu hiyo, akasema. Nikamwambia basi nusa tena. Akapandisha sauti: "Tangu lini wewe ukanifundisha mimi kunusa?" Mbele ya wateja! Nikajibu vibaya. Akanuna, nikanuna, dada akapita katikati yetu na ufagio kama hatuoni.

Nawaza mambo mabaya. Kwamba Bwana Medali kampa Mama kitu. Sijawahi kumfikiria Mama hivyo na nimejichukia mchana kutwa.

Alhamisi, 7 Machi



Mkunga alikuja kuulizia lavenda yake. Huwa anawakanda nayo wazazi wapya mgongo, na wengine wanatia tone kwenye maji ya kuogeshea mtoto. Akapitiliza jikoni kumsalimia Mama, kama kawaida yake. Mara nasikia anapiga ukelele — gesi! Mtungi umeachwa wazi, jiko halijawashwa, jikoni kote kumejaa. Mama amekaa kwenye kigoda chake hatua chache kutoka hapo, anakunja taulo. Anakunja taulo! Na kiberiti kiko mezani.

Tukafungua madirisha. Mkunga akamtoa nje, akamkalisha, akamtania kwamba leo alitaka kutuzika wote bila sanda. Mama akacheka. Eti mafua yamembana.

Mafua? Mafua yake makali yaliisha mwezi uliopita. Hapigi chafya, hapengi.

Wakati wa kuondoka mkunga akasema atafuata mafuta Jumatano. Nikaanza kumwambia kuhusu toleo jipya, akanikatisha kwa upole. Yeye lebo hazimhusu, akasema, Mama kanusa, basi. Wote wanasema hivyo hapa mtaani. Mama kanusa. Ni kama mhuri.

Jumapili, 10 Machi

Nimeona shati la Baba kwenye kamba.

Sijui niandikeje. Shati la mistari ya bluu, lile alilovaa siku chache kabla hajalazwa. Mama alilikunja bila kulifua, akalitia kwenye kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana. Alikuwa akilifungua mara mojamoja, anaingiza uso, anafunga haraka. Tukiomba na sisi anatupa nafasi kidogo tu. "Basi, basi, mnammaliza." Tulikuwa tunamcheka. Baba mzima tumemweka kwenye kopo la biskuti, dada alikuwa akisema, na Mama mwenyewe alikuwa akicheka mpaka machozi.

Leo limetundikwa juani, limebanwa vibanio viwili mabegani, linachuruzika.

Nikamuuliza mbona umelifua. Akawa anakung'uta foronya, hakunitazama. Shati tu hilo, akasema. Lilikuwa linakusanya vumbi.

Vumbi! Ndani ya kopo!

Nilingoja aingie ndani, nikalishika, nikaweka pua kwapani, kwenye kola, kwenye mifuko. Sabuni. Jua. Basi. Nimelia pale uani nimejifunika na shuka zilizoanikwa. Nililia kwanza kwa hasira, kwa sababu kamfua Baba na hakutuuliza, na sisi tulikuwa bado tunamnusa. Halafu nikaelewa. Alifungua kopo na Baba hakuwemo. Sijui alifungua mara ngapi. Sijui alikaa naye muda gani kabla hajakata tamaa akachukua beseni.

Mama hanusi. Mama yangu hanusi kitu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwambia dada. Tulikuwa stoo tunapanga katoni. Akakaa chini palepale. Kumbe naye alikuwa na wasiwasi tangu Mama alipompikia samaki aliyeharibika.

Kasema nisimwambie Mama kitu. Amemzika mume, watoto wamekuwa wakubwa, kilichobaki ni pua. Nikimnyang'anya na hiyo atabaki nani? Nikamuuliza na wale wazazi wa mkunga je? Na watoto wachanga? Mimi mwenyewe nilijipaka yale mafuta ndani ya mkono, nina wekundu na upele mpaka leo. Dada akanishika mkono, akaugeuza kuutazama upele. Baadaye akasema tubadilishe kimyakimya, tujaze chupa za mkunga lavenda yetu ya zamani. Ya zamani imebaki chupa moja, na hiyo ni nusu.

Na mwezi ujao? Na mwaka ujao? Mimi ninuse nyuma ya pazia, yeye akae mbele anapunga karatasi?

Dada akasema ndiyo. Kwa nini isiwe hivyo? Hakuwa anatania.

Nimekasirika kwa sababu nusu yangu inakubaliana naye.

Jumanne, 12 Machi

Leo nilikusudia kumwambia Mama. Nilimchemshia chai, nikakaa karibu. Tumezungumza habari za pazia la sebuleni. Lishonwe upya au linunuliwe jingine. Tumekubaliana lishonwe upya.

Jumatano, 13 Machi

Naandika stoo, nimesimama, daftari juu ya katoni. Nimewaambia nakuja kuchukua vizibo.

Mkunga yuko mbele na kikapu chake. Mama yuko mezani. Nimempangia chupa mbili, yetu ya zamani na ya Bwana Medali, na vijikaratasi viwili. Nilidhani nitapata ujasiri. Nilidhani zikikaa pamoja zitasema zenyewe, kana kwamba chupa ina mdomo.

Mama akavaa miwani, akaivua. Akaifunika lebo kwa kiganja! Kama zamani, vizuri kabisa, vidole vimeshikana. Akafumba macho, akanusa, akapunga, akanusa tena. Mkunga katabasamu, maana huwa anapenda kumtazama akifanya vile. Na mimi nikasahau kwa sekunde moja. Nilidhani imerudi. Wallahi nilidhani imerudi.

Halafu akafumbua macho, na hakuangalia karatasi. Aliniangalia mimi. Usoni. Taratibu, kutoka machoni mpaka mdomoni, midomo yake inacheza kidogo — vilevile alivyosoma lebo ya Bwana Medali.

Kumbe anajua. Anajua na mimi najua. Anasubiri uso wangu umwambie ni ipi.

Sikuweza. Sikukunja uso, sikutabasamu. Nikasema vizibo, ngoja nilete vizibo.

Dada yuko mlangoni ananikodolea macho. Mkunga anauliza kulikoni, mbona leo tunachelewa.

Mama ananiita. Sauti yake ya kawaida, ila ya chini.

"Mwanangu, njoo tunuse wote."

Hajawahi kuniambia hivyo tangu nizaliwe. Wote. Mbele ya mkunga.

Vizibo viko hapa hapa kwenye rafu, na mimi sivioni.