Ramazani wawili katika wodi moja

Mjukuu wangu Mwamini,

Huku Kindu tunakusalimu kwa shangwe: dada yako amejifungua mtoto wa kike, na nyanya yako hashikiki kwa furaha!

Unaniuliza muuguzi afanye nini asije akashitakiwa. Swali zuri mno! Wakati wa Wabelgiji, nikiwa muuguzi kijana hospitalini hapa, daktari aliniagiza, "Mchome Ramazani penisilini, haraka!" Nikamkuta Ramazani amelala, nikamsogelea na sindano, lakini kabla ya kumchoma nikamwamsha na kumuuliza:

"Baba, wewe njo Ramazani wa wapi?"

"Wa Kailo."

"Dawa ya penisilini unaijua?"

Akaruka kitandani. "Usinichome, muganga! Hiyo dawa ilitaka kuniua! Koo ilivimba, pumzi ikakatika!"

Nikarudi kwa daktari kumuuliza. Kumbe alimtaka Ramazani wa Pangi, aliyelala karibu na dirisha! Mke wa yule wa Kailo akapiga vigelegele, wodi nzima ikaitikia. Nikampelekea sindano yule wa Pangi, mjukuu wangu.

Siku zote nilikuwa nikiiogopa jela ya Wazungu, kwani muuguzi aliyemuua mgonjwa kwa kukosea alifungwa. Lakini Ramazani alipopona na kurudi Kailo kwa miguu yake, mkewe akiimba mbele, jela sikuikumbuka hata kidogo.

Akupendaye,
Babu Saidi