Upande wa Kifundo

Jumanne, 4 Juni

Nachambua maharage tangu asubuhi. Haya ya Djugu yana mawe mengi safari hii, nadhani wanaouza huko wanapima pamoja na shamba. Macho siyatumii sana. Vidole vinapita, jiwe linajionyesha lenyewe. Ndiyo maana wateja wananirudia. Maharage ya Mama Neema hayavunji mtu jino.

Joto. Kifundo kimeniwasha tena chini ya sidiria, upande wa kushoto. Jirani yangu wa meza, anayeuza mafuta ya mawese, naye alikuwa anajikuna upande uleule. Tumecheka. Karibu soko zima tunajikuna upande mmoja. Mama aliyewahi kukimbia vita ana kifundo chake pale: pesa ndani ya plastiki, plastiki ndani ya kipande cha kitenge, na fundo gumu juu. Pesa ya kukimbia. Hailiwi, haikopeshwi, haitoki hata mtoto akifukuzwa shule. Changu nilikifunga siku tuliyotoka Djugu kwa miguu. Miaka ya kwanza nilikifungua kwa kuongeza tu, siku hizi sikifungui kabisa. Ninalala nacho.

Wanasema sasa ni amani. Sawa. Amani iendelee na kifundo kikae.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada akina mama tuliombwa tubaki. Mama Dorcas alisimama mbele. Ni rafiki yangu tangu kambi ya wakimbizi, anashona nguo karibu na soko, na siku hizi waganga wa hospitali wamemfundisha kuzungumza na wanawake juu ya ugonjwa wa matiti. Akatoa kwenye kikapu titi la kitambaa. Kanisani. Amelishona mwenyewe: kitambaa cha kahawia, sponji ndani, chuchu ni kifungo cha shati la mumewe. Mke wa mchungaji alijifunika uso kwa kitenge, kisha akawa wa kwanza kuomba alishike.

Ndani ameficha vitu vigumu. Lazima uvitafute kwa vidole vitatu vilivyolala, siyo kwa ncha, unazunguka polepole mpaka kwapani. Wengine walilibinya kama wanakanda unga. Mimi niliviona vyote haraka, hata kile kidogo kilichojificha chini kabisa. Wakanipigia makofi. Nimefurahi kama mtoto wa shule, sitaki kujidanganya.

Dorcas alisema kitambaa ni cha kuzoesha vidole tu. Kazi yenyewe ni kila mtu kuyajua ya kwake jinsi yalivyo, ili yakibadilika ajue. Na siyo uvimbe tu. Tusimame mbele ya kioo, tuinue mikono, tuangalie kama ngozi imebonyea, kama chuchu imegeuka au inatoa kitu. Tukiona badiliko, tusikae nalo nyumbani. Mara nyingi si kitu kibaya, lakini mganga ndiye wa kusema hivyo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimejaribu, baada ya kuoga. Kioo chetu ni kidogo, kile cha Baba Neema cha kunyolea ndevu. Ukiona titi huoni bega.

Kushoto, nikiinua mkono, kuna mahali ngozi inabonyea. Pembeni, kuelekea kwapa. Nimecheka peke yangu. Ni kifundo. Kitu kigumu kama kile kikilala mahali pamoja miaka yote hii, kitaacha alama tu. Hata kamba ya sketi inaacha alama kiunoni.

Alhamisi, 13 Juni

Nimehamishia kifundo kulia ili alama ifutike. Siku nzima najisikia kama nimevaa viatu vya mtu mwingine. Mara tatu nimepeleka mkono kushoto, nikakuta hakipo, moyo ukaruka. Nimefikiri nimeibiwa.

Jumanne, 18 Juni

Haijafutika.

Leo nimelala chali, mkono chini ya kichwa, kama Dorcas alivyoonyesha. Chini ya ile alama kuna kitu kigumu. Hakitelezi nikikisukuma. Hakiumi hata kidogo, na nimejiambia kisichouma si ugonjwa. Lakini Dorcas alisema wazi kwamba kutouma si sababu ya kutulia. Namkasirikia Dorcas. Aliniletea nini lile titi lake? Nilikuwa salama na ujinga wangu.

Jumatano, 19 Juni

Sokoni. Mteja amerudisha maharage. Mawe. Nimemrudishia pesa bila kubishana, akashangaa.

Ijumaa, 21 Juni

Nimemwambia Dorcas. Nilimkuta kwenye cherehani, nikamweleza habari ya kifundo na alama, nikangoja aseme ndiyo, ni kifundo. Aliacha kukanyaga mashine. Akafunga pazia la duka, akaomba ruhusa, akaangalia, hakugusa. Kisha akanishika mkono.

"Mawe ya maharagi unaionaka yote," akasema. "Hii ya mwili yako, njo unasema ni alama ya kifundo?"

Nililia. Niliona aibu kulia juu ya gauni la harusi la mtu. Dorcas akalisogeza tu, akaniambia Jumatatu tunaenda wote hospitali, na kama sitakuja atanifuata sokoni na titi lake la kitambaa mbele ya watu. Angefanya kweli, namjua.

Jumatatu, 24 Juni

Hospitali. Daktari ni mwanamke, Mnande wa Butembo, mdogo kuliko nilivyotegemea. Mikono yake baridi. Aliangalia pande zote mbili, shingo, kwapa. Wakanipaka kitu cha utelezi, wakapitisha kile chombo cha kuonyesha ndani, kilekile cha wajawazito. Kisha sindano nene ya kutoa kipande kidogo. Watakipeleka mbali kukipima. Jibu litachukua muda.

Nilimuuliza swali lililonikaa kooni: je, ni kifundo kimeleta hiki? Miaka yote pesa imebanwa pale, pesa chafu ya soko.

"Hapana, maman. Ile kifundo haikuleta ugonjwa. Iliificha tu."

Sijui kwa nini maneno hayo yamenipunguzia mzigo na kuniumiza kwa pamoja. Baba Neema nimemwambia nilikwenda kupima malaria. Bado siwezi.

Ijumaa, 28 Juni

Jana watu wamefika kutoka upande wa Nizi na magodoro vichwani. Risasi, wanasema. Nani amempiga nani, kila mmoja ana habari yake. Waendesha moto, hizi pikipiki za abiria, wamepandisha bei kabla ya mchana, hao ndio gazeti letu. Jirani alifunga masufuria ndani ya shuka. Neema, binti yetu, alilala na viatu.

Nimerudisha kifundo kushoto. Juu ya kile kitu. Nilihisi vyote viwili, kigumu juu ya kigumu, nikatulia. Ni wazimu, lakini nimeandika ukweli.

Leo kimya. Soko limefunguliwa. Jirani amefungua shuka, akapika.

Jumanne, 9 Julai

Jibu limefika. Ni kansa.

Daktari alilisema neno mara moja, hakulizungusha. Akasema bado ni ndogo, nimekuja mapema kuliko wengi anaowaona. Titi la kushoto litoke, na kwa namna ilivyokaa asingengoja. Mganga wa upasuaji yuko hapa Bunia mwezi huu. Baada yake kuna dawa. Akanieleza gharama. Nyumbani tuna za chakula na za shule. Zaidi ya hapo tuna kifundo tu, na daktari hakujua kwamba wakati anasema nilikuwa nimekiwekea mkono.

Naogopa kufa. Naogopa kisu. Na naogopa, hii ndiyo aibu yangu, kubaki bila pesa ya kukimbia. Nimeona waliotoka Djugu bila kitu. Nimewaona barabarani.

Jumatano, 10 Julai

Nimemwambia Baba Neema kila kitu. Alikuwa anatengeneza moto ya mteja uani, mikono imejaa mafuta. Hakuuliza kwa nini nilidanganya habari ya malaria. Aliendelea kukaza nati ileile iliyokuwa imekwisha kazwa.

Mimi ndiye niliyepinga. Nilimwambia pesa ya kukimbia si yangu peke yangu, ni ya Neema, ni yake pia. Nilimkumbusha watu wa Nizi na magodoro yao. Kama tukifungua kifundo leo na risasi zikaja kesho, je? Nilisema tungoje kwanza nchi itulie, nitafute pesa nyingine kidogo kidogo. Nilisema mengi. Nilipomaliza akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kama weye haiko," akasema, "siye tutakimbia kwenda wapi?"

Akaenda kunawa.

Alhamisi, 11 Julai

Tumekifungua. Fundo limekataa vidole, limekataa meno. Jasho la miaka limeligeuza kuwa gumu kama mti. Dorcas amelikata na mkasi wake wa kazi, ule asioruhusu mtu aukatie karatasi. Noti zimekunjika kwa umbo la mwili wangu. Baba Neema amezinyoosha mezani kwa kiganja. Harufu yangu ndani ya chumba kizima.

Kipande cha kitenge nimekitambua. Nilikichana kwenye nguo niliyovaa siku ile ya Djugu. Nilikuwa nimesahau rangi yake, kwa ndani bado ni cha njano.

Jumatano, 31 Julai

Nyumbani. Mkono wa kushoto mzito, kuandika naandika kwa wa kulia, Mungu asifiwe. Wananitaka niuinue kidogo kila siku ukutani. Nainua huku namtukana mganga wa upasuaji, mtu mpole sana.

Kifua nimekiangalia leo kwa mara ya kwanza, kwenye kile kioo kidogo. Safari hii nimeshukuru udogo wake. Mshono mrefu, ngozi bapa. Nimelia, nikaosha uso. Baba Neema ameomba kuona. Nilikataa, kisha nikakubali. Alisema, siku hizi anashona vizuri yule mganga. Nilitaka kumpiga, nikacheka, mshono ukauma.

Yeye ndiye aliyekuwa anauza maharage kwa wiki hizi. Kuna mteja amelalamika jino.

Jumanne, 6 Agosti

Daktari anasema mshono umepona vizuri. Dawa zitaendelea. Hakuniahidi kitu, na ninamheshimu kwa hilo. Upande wa kulia niendelee kuuangalia kila mwezi, na nikiona badiliko nije siku hiyohiyo, nisihamishe kitu kutoka hapa kwenda kule. Kumbe Dorcas amemsimulia.

Barabara ya Nizi inapitika. Kwa leo.

Bado mkono unakwenda kushoto nikisikia mlio wowote. Haukuti kifundo, haukuti titi. Unabaki hapo, hauna kazi. Tukitimuliwa sasa tutatoka mikono mitupu. Naogopa kila siku. Lakini nalala usingizi mzito, na hilo sikulitegemea.

Jumapili, 18 Agosti

Nimerudi kanisani. Nilivaa shali, hata hivyo macho ya watu yalijua pa kwenda.

Dorcas alikuja nyumbani mchana na kikapu. Ameniletea titi la kitambaa, la kuvaa. Kahawia ileile, sponji ileile, ila hili halina kifungo, na pindo amelizungushia kipande changu cha kitenge cha njano. Amekifua, ameshona mishono midogo mpaka huioni. Akaliweka magotini pangu, akaomba maji ya kunywa, akazungumza habari za bei ya uzi.

Alipoondoka nilifunga mlango wa chumba. Kwanza nililishika tu. Kisha vidole vikaanza vyenyewe, vitatu, vimelala, kuzunguka polepole kutoka katikati mpaka pembeni, juu, chini, tena chini kabisa pale alipoficha kile kidogo siku ile ya kanisani. Nimelipitia lote. Nikalipitia tena.

Laini kote. Nimelivaa, nikatoka uani kuchambua maharage ya kesho.