Fundi Saa wa Maisaka na Vijiko Sita vya Manjano

Mpendwa Mama Hope wa safu ya ushauri, naomba msaada, ila kwanza niruhusu nitangaze rasmi kwa wakazi wote wa Babati mjini, kuanzia Singe mpaka Bagara, kwamba kikombe changu cheupe cha chai kimegeuka cha njano na juhudi zote za kukisugua kwa majivu zimegonga mwamba. Sababu ni manjano. Mimi ni fundi saa hapa Maisaka, miaka hamsini na miwili, usitaje jina langu tafadhali, japo fundi saa Maisaka niko peke yangu, na tangu mwaka jana tezi ya shingo imenivuruga, moyo unakwenda mbio, nimekonda, halafu macho yakaanza kutokeza kama ya mtu aliyetajiwa bei ya mchele, na daktari akasema tezi hiyo ndiyo imevimbisha nyama za nyuma ya macho, akanipa vidonge na barua ya kwenda kwa bingwa wa macho Moshi.

Basi nikasoma kwenye simu kwamba ndani ya manjano kuna kitu kinachotuliza uvimbe, watafiti wanakijaribu kwenye ugonjwa huuhuu, nikaacha vidonge, nakunywa vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni, nanunua kwa jirani yangu Faudhia, muuza viungo, ambaye kila nikifika anauliza, "Baba Kindness, hilo biriani la harusi ya nani, mbona hatualikwi?" nami nacheka tu. Lakini watoto wa mtaani waliokuwa wakiniamkia sasa wanavuka barabara wakidhani nawakodolea, wateja wananiambia "fundi, usikasirike, nitarudi kesho," na mwanangu Kindness aliye Tunduru akipiga simu ya video namwambia kamera imekufa, miezi minne sasa, na tangu mama yake afariki ni yeye tu anayenipigia. Wiki hii nikitazama saa yenye mishale miwili naona minne. Je, niongeze kijiko?

Fundi wa Maisaka

Kaka fundi, pole. Nilikuwa nacheka mpaka nilipofika kwenye mishale minne.

Usiongeze hata punje. Nimemuuliza daktari kabla ya kukujibu. Ni kweli mimea kama manjano ina vitu vinavyotuliza uvimbe, na watafiti wanavichunguza, lakini zaidi ni kwenye vyombo vya maabara. Hakuna aliyethibitisha kwamba chai yako inatibu jicho. Tia manjano kwenye mchuzi, ule ushibe. Vidonge uliviacha kwa ruhusa ya nani? Mteja akikuletea saa aliyoipaka mafuta ya nazi badala ya kubadilisha betri, utamwambiaje? Kuona viwili viwili ni dalili kwamba misuli ya macho imeathirika, na mishipa ya macho ikibanwa unaweza kupofuka.

Kesho asubuhi rudi kliniki. Waambie uliacha dawa, na uwatajie vijiko vyote sita, usipunguze kwa aibu. Kama unavuta sigara, acha leo, maana huzidisha ugonjwa huu wa macho. Watoto wa mtaani waite wewe kwanza, kwa majina. Kindness mwonyeshe sura yako, hakukupenda kwa ajili ya macho.

Ila kuna jambo linanitatiza, nakuuliza kama dada yako: barua ya bingwa unayo, kwa nini hukwenda? Niandikie, na safari hii bila mbwembwe.

Mama Hope

Mama Hope, umenibana. Manjano nimeyasingizia. Barua ninayo tangu Februari. Muuguzi wa kliniki aliniambia nije na ndugu wa kunisindikiza Moshi, jina lake na namba yake viandikwe kwenye faili. Nikakaa kwenye benchi nikipekua simu kama mtu anayechagua, kumbe zaidi ya Kindness aliye mbali hakuna. Nikasema nitarudi naye kesho. Sikurudi. Hayo ya watafiti niliyasoma baadaye, nikitafuta sababu.

Baada ya jibu lako nilimweleza Faudhia. Akaacha kupima mdalasini. "Miezi yote hii nakuuzia nikidhani unapenda kula!" Akafunga duka, tukaenda kliniki.

"Wewe ni nani wake?" muuguzi akamuuliza.

"Jirani."

"Tunahitaji ndugu."

"Aliyepatikana ndiye mimi. Andika Faudhia."

Akaandika. Vidonge nimeanza tena, na daktari hakuniahidi lolote kuhusu macho. Moshi tunakwenda Alhamisi. Kindness bado sijamwonyesha uso, hilo nisikudanganye.