Robo Sarafu ya Mahari

Jumamosi, 12 Oktoba

Mchele umepanda tena. Nimebandika bei mpya asubuhi, wateja wakanijia juu kana kwamba mimi ndiye serikali. Mama mmoja kasema nina roho mbaya. Nikamwambia aende akalime Ruvu mwenyewe. Baadaye nimejuta, kidogo.

Gunia la harusi sijaligusa. Lipo chumbani kwangu, nyuma ya mlango, tangu posa ya Idrisa ilipokubaliwa. Jirani yangu wa meza sokoni anasema niuze sasa hivi nipate faida. Siuzi ng'o. Huo ni mchele wa walima wangu.

Idrisa kapiga jioni kutoka kibandani kwake Maili Moja, anakotengenezea simu. Hata hali hakuniuliza. "Imepanda, Mwamvu!" Sarafu yake ya mtandaoni, hiyo. Kafurahi kama kapata mtoto.

Jumanne, 22 Oktoba

Wateja wachache. Nimekaa nakumbuka siku ya posa. Baba aliniita ndani, akaniuliza nataka mahari gani. Wenzangu hutaja kitanda na godoro, au pesa, au msahafu. Mimi nikataja robo sarafu ya Idrisa. Mapenzi haya, jamani!

Alikuwa amenijaza maneno. Kwamba shilingi huchapwa tu, ndiyo maana kila mwaka inanunua mchele kidogo zaidi. Kwamba sarafu yake idadi yake imewekewa mwisho tangu mwanzo, hakuna wa kuongeza hata moja, wanaoitaka wanaongezeka na zenyewe ni zilezile. Nikataka mahari isiyoliwa na bei. Mzee Kondo, mshenga wao, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Baba mdogo akauliza kama inashikika. Haishikiki. Baba akasema basi, mwenyewe katamka, robo ndiyo robo.

Wakati ule robo haikufika bei ya kitanda cha mninga. Leo inanunua kitanda, godoro, kabati na pikipiki juu. Nilimwambia Idrisa hivyo kwa utani. Kasema ana mteja, kakata simu.

Jumapili, 17 Novemba

Mzee Kondo kaja, kavaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumapili. Nikajua kuna jambo. Idrisa anaomba mahari itajwe upya, kwa shilingi, kwa bei ya siku ile ya posa. Eti imekuwa nzito.

Baba kapandisha hasira. "Ingeshuka, angekuja kuniongezea?" Mzee Kondo kamaliza chai yake, kaaga.

Sikuomba iwe nzito. Mimi ni yuleyule, nauza mchele Mlandizi, miguu ina vumbi. Lakini kila sarafu inapopanda, ndivyo ninavyozidi kuwa ghali kwake. Nimelia nikiosha vyombo.

Jumatano, 4 Desemba

Tumepatana! Idrisa kanipigia mwenyewe, sauti ya zamani, ya kubembeleza. Ipo sarafu nyingine. Hii haina mwisho wa idadi, na ukiilaza kwenye simu bila kuigusa, kila asubuhi inaongezeka. Inazaa. Atanipa elfu nzima badala ya ile robo moja. Amenitumia hapohapo.

Baba sijamwambia. Kwanza nizione zikizaa.

Jumatatu, 16 Desemba

Zimezaa kweli. Kila nikiamka ni nyingi kuliko jana. Na kila nikiamka zinanunua kidogo kuliko jana. Nilidhani nasoma vibaya.

Sisomi vibaya. Za kila mtu zinazaa usiku uleule, na asubuhi kila mtu anatafuta wa kumuuzia. Ni maembe ya Desemba hapa Mlandizi. Kwako yamejaa, kwa jirani yamejaa, sokoni unambembeleza mtu achukue ndoo nzima. Elfu yangu na watoto wake wote leo hainunui doti ya khanga.

Na Idrisa alijua. Hizo ndizo kazi zake, anazifuatilia mchana kutwa. Isiyoongezeka kaibakiza kwake, hii inayojaa kama maembe kanipa mimi. Nimemrudishia zote, turudi kwenye robo yetu. Nilitaka akatae kuzipokea. Kazipokea.

Alhamisi, 9 Januari

Nimekwenda Masaki, ile ya Kisarawe, si ya matajiri, kumwona mama yake Idrisa. Bodaboda kutoka Kisarawe mjini, vumbi mpaka kwenye kope. Nikampa shikamoo, kaniitikia marahaba mkwe wangu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ndani ndoo mbili na sufuria, zote zinakinga. Bati zimetoboka. Pesa ya korosho zake alimpa Idrisa amnunulie mpya. Idrisa kaiingiza kwenye sarafu. Kila akiulizwa anasema, mama, nikitoa leo utapata bati chache, ukingoja utapata nyumba nzima.

"Mwanangu tajiri," kaniambia, "mimi nakinga ndoo." Tukacheka wote. Kisha kafuta macho kwa ncha ya khanga, kanifungia mihogo ya kuondokea.

Kumbe tunaongoja ni wawili. Njia nzima nimekuwa na woga.

Jumamosi, 1 Februari

Shaabani imeingia. Kila nyumba inaoza binti kabla ya Ramadhani, mchele wangu unakwenda kwa harusi za watu.

Nimepanda gari mpaka Maili Moja. Nimemwambia Idrisa uso kwa uso: mahari nimekusamehe, lete msahafu tu, tufunge ndoa ndani ya mwezi huu. Ni haki yangu kusamehe, Baba atanielewa. Uso wake ulifunguka. Ule uso ninaoupenda. Kwa muda mfupi nilikuwa bibi harusi.

Akauliza, na walima? Nikasema mchele ninao, gunia zima. Na kodi ya chumba, na kitanda? Nikasema auze kipande kidogo tu cha sarafu yake. Akaichukua simu mezani akaitia mfukoni, kama naweza kumpokonya.

"Mwakani, Mwamvu. Mwakani ni nyumba."

Nikamuuliza, na mwakani ikiwa imepanda zaidi? Kasema si ndiyo raha yake, tutangoja tena kidogo.

Yeye hakusikia alichosema. Mimi nimesikia. Kama kila kesho itakuwa na thamani zaidi ya leo, basi siku ya kutoa haipo. Si ya bati za mama yake, si ya kitanda changu. Wala ikishuka hatatoa, atasema tungoje ipande. Harusi yangu haina tarehe humo ndani.

Nikaaga. Hakunisindikiza stendi. Kulikuwa na mteja.

Jumanne, 11 Februari

Baba kamwita Mzee Kondo, karudisha kishika uchumba na kanzu waliyomletea siku ya posa. Mimi ndiye niliyemwomba. Mzee Kondo safari hii hakunywa chai.

Nampenda bado. Mjinga mimi. Angekuja leo na msahafu wa kuazima ningemfungulia mlango.

Hakuja.

Ijumaa, 28 Februari

Vunja jungu leo, mfungo ukikaribia kila jiko la mtaani limewashwa. Nimefungua gunia nyuma ya mlango. Wadudu wameingia. Miezi yote hiyo nalitunza, naufunga mdomo wake upya, nakataa bei nzuri.

Nimelitoa uani. Nimepepeta mchana kutwa, mgongo umekufa. Baadhi haufai tena, nimewamwagia kuku. Uliobaki safi nimepikia pilau, sufuria kubwa ya kukodi, ileile niliyokuwa nimeipangia harusi kichwani. Majirani wamekula. Jirani yangu wa meza kaja na bakuli, hakunikumbusha alichoniambia, Mungu amlipe. Mchele mwingine nimeutia kwenye mfuko, kesho dereva wa basi ataupeleka Masaki kwa mama yake Idrisa.

Ujumbe umeingia tukiwa tunakula. Idrisa. Imepanda tena, anasema, robo yako sasa ni kiwanja Kibaha.

Robo yako. Bado anaiita yangu.

Nimezima simu. Pilau lilikuwa zuri, nimelia huku natafuna. Baba kasogeza sahani yake bila kunitazama, anataka kuongezwa. Nimempakulia.