Vichwa Vizito vya Madam Hessa

Jumapili, 5 Oktoba

Maganda ya risasi tena. Nimeosha ndoo nzima, nimeanika kwa taulo nyuma ya gereji. Yaliyopasuka mdomo nimetupa. Kazi yangu inaishia hapo. Kuosha, kuchagua, kupanga. Risasi ikishajazwa siruhusiwi kuigusa hata na kidole. Ni sheria ya Madam Hessa na ni sheria nzuri. Anazijaza mwenyewe, moja moja, na ile mashine ya mkono iliyofungwa mezani.

Mwende, mpishi wetu, ametoa kichwa kwa dirisha la jikoni akaniuliza kama nimemaliza vyombo vyangu. Kila siku hiyo moja. Ati Kenya wakiuliza nafanya nini Saudia niwaambie mimi ni daktari wa maganda. Nimecheka tu. Majibu yangu huja baadaye nikiwa peke yangu.

Madam amejaza kidogo akaacha. Ameshika kifundo cha mkono wa kulia. Tangu apasuliwe mwezi wa nne haujakaa sawa. Nimejifanya nakunja taulo.

Jumanne, 7 Oktoba

Vichwa vipya vya risasi vimefika. Vizito. Nimebeba kasha kutoka langoni nikashangaa. Kwangu mimi kitu kizito ndicho kinaumiza. Nilidhani sasa huo mkono umekwisha.

Kumbe sivyo. Ameniona nikivitazama akanieleza, Kiingereza kidogo, Kiarabu kidogo, mikono mingi. Kwenye mashindano ya shabaha wanapima uzito wa kichwa mara mwendo wake. Lazima ufikishe kiwango chao. Usipofikisha, unaruhusiwa kupiga mpaka mwisho lakini hupati alama hata moja. Sasa kichwa chepesi lazima kikimbie sana. Kwa hivyo baruti nyingi, na bastola inakuchapa kofi. Kichwa kizito hakina haja ya mbio. Baruti kidogo. Bastola inakusukuma tu, kama mtu anakuambia songa hapo.

Nimependa hiyo.

Baba yake amepita mlangoni, hakuingia. Msimamo wake nyumba nzima inaujua. Mashindano ya Jeddah mwisho wa mwezi ndiyo ya kuchagua timu. Akichaguliwa, aendelee. Asipochaguliwa, halas, imekwisha, bastola zinauzwa na hiki chumba kinakuwa majlis ya wageni. Mimi narudishwa kulinda mlango wa jengo lake kule Olaya, kwa kiti cha plastiki. Simchukii Baba. Nakichukia hicho kiti.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amejaza, amebomoa. Amejaza, amebomoa. Baruti ikizidi kidogo mkono unalia. Ikipungua, mwendo hautafika. Anatafuta katikati na katikati haionekani. Amerusha finjani ya kahawa ukutani. Nimefagia. 

Jumamosi, 11 Oktoba

Uwanja wa shabaha, nje ya Riyadh. Mchanga pande zote. Tulifika adhana ya adhuhuri ikilia. Madam akaweka kisanduku cha risasi juu ya boneti, akaenda kuswali. Wanawake walikuwa wengi, chumba chao kidogo, wakaingia kwa zamu. Walikawia. Jua likakipiga kisanduku. Ni cha chuma, tena cheusi. Nilisimama karibu nacho. Mkono ulitaka kukisogeza kivulini. Lakini mimi sigusi risasi. Nikabaki hapo kama askari anayelinda jiwe.

Aliporudi akazipiga mbele ya mashine ya kupima mwendo. Zimepita! Si kwa mengi, lakini zote zimepita. Na mkono haukumuuma. Amecheka mpaka nikaona meno ya nyuma. Hizi hizi, akasema, mafi, hakuna kubadilisha.

Nimefurahi mpaka nikaona aibu, kama furaha ya mtu nimeiba.

Jumatatu, 13 Oktoba

Amejaza za mashindano zote. Kipimo kile kile cha Jumamosi.

Mimi nikiosha maganda kumenijia kitu. Alipofungua kile kisanduku Jumamosi alipuliza vidole. Risasi zilikuwa moto. Sasa, moto unaongeza mwendo? Sijui. Niliacha shule darasa la sita. Lakini mafuta ya kukaangia yakiwa moto yanaruka, yakiwa baridi yanalala. Labda baruti ni hivyo. Labda si hivyo.

Sijasema.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mara mbili nimeenda mpaka mlangoni kwake. Mara ya pili aliinua kichwa akauliza nataka nini. Nikasema taulo. Nikatoka na taulo.

Mwende nimemwambia. Huyo ni rahisi, hunisaidia kuongea hata nisipotaka. Akaacha kukata vitunguu. "Wewe Wafula, huo mdomo ulipewa wa ugali peke yake?" Nikasema Madam anajua kazi yake, mimi ni nani. Akasema basi ninyamaze vizuri, nisinyamaze nikizungukazunguka jikoni kwake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Silali vizuri. Hasira yote ni juu yangu mwenyewe.

Alhamisi, 23 Oktoba

Njiani siku nzima, sasa tuko Jeddah. Baba mbele, Madam nyuma. Bastola kwa kasha la kufuli na vibali vyake. Risasi kwa kasha la baridi, kwa sababu waandaaji wametuma ujumbe kwamba zisikae juani. Madam alimsomea Baba kwa sauti. Mimi nilikuwa kwa usukani. Hapo ndipo ningesema. Nikapita lori.

Baada ya mji wa Taif hewa ikaanza kuwa nzito. Tunalala mtaa wa Aziziya, nyumbani kwa shangazi yake Madam. Mimi nimepewa chumba cha dereva karibu na lango. AC inapiga kelele kama posho mill. Baba alikuja mwenyewe kuniletea maji na tende. Ni mtu mzuri. Ndiyo shida, neno lake hulitimiza.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimesema.

Alikuwa uani akifunga mkono bandeji. Nilianza na samahani Madam, nikakwama. Halafu yote yakatoka pamoja. Kisanduku, boneti, jua, vile alipuliza vidole. Alielewa kabla sijamaliza. Akakaa chini pale pale kwa ngazi. Akasema baruti ikipata joto hukimbia, hiyo anaijua tangu siku ya kwanza, ila siku ile furaha ilimsahaulisha. Hakunigombeza. Aliuliza tu kwa nini nimekaa nayo siku zote hizi. Ningemwambia Riyadh angeongeza baruti kidogo, mambo yangekuwa yamekwisha. Sasa mashine ya kujazia iko Riyadh.

Niliokota bandeji iliyoanguka, nikampa. 

Amebeba aina mbili. Nzito, ambazo labda hazitafika kiwango. Na nyepesi za zamani, hizo zitafika bila shida, lakini huo mkono hautamaliza hata nusu ya mashindano. Alikunja ngumi kujaribu. Uso ukajikunja pia.

Halafu nikasema kitu sijui kilitoka wapi.

"Madam, kesho naweza kukiweka kisanduku juani. Kidogo tu, kabla hawajachukua za kupima. Hakuna mtu atajua."

Aliniangalia mpaka nikaangalia viatu.

"Hapo litakuwa jua limepita kipimo, Wafula. Si mimi."

Akaniambia niende nikale. 

Jumamosi, 25 Oktoba

Amechukua nzito. Asubuhi alikibeba kisanduku mwenyewe, baridi kama soda, akapita nacho mbele yangu bila kunitazama. Nilijua kwa nini. Nikaona haya upya.

Wapimaji wakachota risasi zake chache wakaenda nazo kwa mashine. Ndani kuna AC. Sisi madereva tulisimama nje ya kioo. Walipiga ya kwanza, wakaandika. Ya pili. Ya tatu. Madam alikuwa amekunja mikono, Baba kando yake. Sikusikia kitu. Nilimwangalia mzee wa kupima. Alipovua miwani nikajua.

Hazikufika. Kidogo sana, hata yule mzee aliona huruma, akampimia tena kama sheria inavyoruhusu. Tena hazikufika. Akamweleza: unaweza kupiga bila alama, ama unaweza kufunga virago.

Baba tayari alikuwa na funguo mkononi. Akasema yalla, binti yangu, twende nyumbani. Aliisema kwa upole.

Madam akavaa vizuizi vya masikio.

Sijawahi kuona mtu akipiga vile. Alitoka mlango wa mbao, akapiga akitembea, akapiga amepinda nyuma ya pipa. Sahani za chuma zilianguka moja baada ya nyingine, na bastola ilikuwa inatikisika tu, haimrushi. Kituo cha kwanza cha kupigia watu walikuwa wanaongea mambo yao. Cha tatu walikuwa wamenyamaza. Dereva mmoja Mpakistani akaniuliza huyu ni wa ngapi. Nikamwambia si wa ngapi, hahesabiwi. Akasema mbona anapiga hivyo sasa. 

Baba alikuwa amekaa chini. Funguo bado mkononi.

Kwa ubao wa matokeo jina la Madam liko mwisho kabisa, na kando yake sifuri. Alilisoma, akanywa maji, akaenda kuokota maganda yake mwenyewe. Nikaenda nikainama upande wa pili. 

Jumatano, 29 Oktoba

Riyadh. Mashine imefunguliwa kutoka mezani, mtu amekuja kuichukua na pickup. Bastola zimeenda jana. Meza imebaki na matundu yake. Mwende amefagia chumba na hakufanya mzaha. Amenifungia chapati kwa foili, nikazitia kwa begi.

Olaya ninaanza leo. Nilidhani nitapanda metro. Madam akatoka na funguo za gari ndogo, akaniambia niingie. Aliendesha yeye, mkono wa kushoto kwa usukani, wa kulia ameulaza mapajani. Nilikaa upande wa abiria, begi juu ya magoti. Sikujua miguu niiweke wapi.

Hakuwasha redio. Kwa taa za barabara kubwa alisimama, akauliza bila kugeuka.

"Siku ile uliniona nikipiga?"

Nikasema nimeona.

"Ilikuwaje?"

Nikamwambia. Mlango wa mbao, lile pipa, zile sahani, vile watu walinyamaza, vile Baba alikaa chini. Vile mkono wake ulibaki pale pale, bastola haikuurusha. Sikukwama hata mara moja. Taa ikawa kijani na hakuondoa gari. Wa nyuma wakaanza kupiga honi. Akanisubiri nimalize.