Kahawa ya Mwalimu Mkuu

Mjukuu wangu Koku,

Huku Izigo hatujambo. Babu yako bado anagombana na goti lake. Unauliza uipelekee nini shule jirani iliyoinunia shule yenu.

Nilipokuwa mwalimu kijana, shule ya ng'ambo ya bonde ilitukataza chemchemi yao. Mwalimu wetu mkuu, asiye Mhaya, alikwenda kuomba maji, nami nikamsindikiza. Wazee wa huko wakampa kahawa ya kutafuna, kama apewavyo kila mgeni kwetu Wahaya. Akaitia mfukoni kwa heshima, akaanza kuhutubia. Wakamnunia.

Nikamnong'oneza, "Mwalimu, tafuna kwanza."

Akatafuna, akakunja uso kwa uchungu wa kahawa. Wazee wakacheka hadi machozi. Maji hakuyaomba tena, alipewa.

Basi nenda mikono mitupu, mama, ukale chao watakachokupa.

Nakukumbatia,
Bibi yako