Nyumba Yenye Miguu Ukutani kwa Shangazi

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa mama yako.
Jumapili, mvua ikinyesha.

Mpendwa Binamu,

Salamu zangu zivuke masafa yote yaliyo kati yetu, zikukute mzima. Kifua bado kinakusumbua wakati wa baridi? Wifi yangu hajambo? Mtoto ameanza kutembea? Sisi huku tunapumua. Neno "wazima" naomba nilikalie kwanza.

Mama yako haoni vizuri. Daktari anasema ni presha ya macho, imechelewa kugunduliwa, na kilichopotea hakirudi. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linachungulia dunia kama kwenye tundu la ufunguo. Amenikataza kukuandikia. Naandika. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na utii unaoficha maafa si adabu, ni usaliti uliovaa nguo safi.

Kazi ya mabango ilikufa kabla ya macho. Zile herufi alizochora juu ya milango ya vinyozi na maduka ya dawa, zilizokulipia karo, zimeng'olewa; siku hizi mashine hutapika plastiki, biashara ikaendelea. Nani aliandamana? Nani alipaza sauti? Mji mzima uliusoma mkono wake miaka nenda miaka rudi, na mji mzima haumjui.

Ukuta wa sebule alioupaka picha ungalipo. Unaukumbuka: vilima vilivyojifunika blanketi, mto unaopanda mlima kwa kuwa umechoka kushuka, miti iliyofungua miavuli, jua lenye miwani. Wageni hucheka hadi chai ikawapalia. Nami nilicheka, mpaka nilipohamia humu nikajua kwamba kila nyumba pale ni mmoja wetu. Ya babu haina mlango tangu tumzike. Yangu inafuka moshi. Mama yako anasema hata moshi wenyewe unahutubia.

Yako ni ile yenye miguu. Ulipoondoka aliichora pembeni kabisa, nyuma ya kilima cha mwisho. Kila ukiahidi kuja, huisogeza mbele kidogo. Usipokuja, huchukua msasa, huikwangua, huirudisha ilikotoka. Pitisha kiganja ukutani, Binamu: utazigusa safari zako zote ambazo hukuzifunga.

Juzi ulipopiga simu ukasema labda mwisho wa mwaka, aliniita kwa jina alilonibandika tangu nianze siasa za chuo.

"Wee Mheshimiwa, acha siasa, njoo unishikie kopo."

"Shangazi, amesema labda."

"Labda haina rangi. Mimi nachora kuja."

"Na asipokuja je? Tutavumilia mpaka lini?"

"Hotuba peleka chuoni, mwanangu. Hapa nishike kiwiko."

Safari hii nyumba yako hakuisogeza kidogo. Aliileta hadi kwenye fremu ya mlango, akipapasa kwa vidole pale jicho liliposhindwa. Mguu mmoja umetoka mrefu kuliko mwenzake. Akauliza, "Imekaa sawa?" Nikamjibu imekaa sawa. Akaosha brashi, akazifunga kwa kitambaa, akaniambia msasa nimpelekee seremala jirani, kwani yeye hana kazi nao tena.

Sijaupeleka. Umo ndani ya begi langu, chini ya vitabu.

Ukija, tutautupa pamoja. Usipokuja, niambie mimi, usimwambie yeye. Sitaikwangua. Nitamwacha aipapase kila asubuhi akidhani u karibu; mimi, niliyeapa jukwaani kwamba ukweli hauna likizo. Uongo huo nitaubeba, ila sitaubeba peke yangu. Nusu yake ni mzigo wako.

Mama mkubwa anakusalimu, na seremala pia. Anauliza kama bado unaogopa mbwa. Nibusie mtoto. Mola akulinde huko uliko, na akulainishie njia ya kurudi ungali na wa kukuona.

Wako akupendaye hata anapokukaripia,
Dada yako, Mheshimiwa.